Kusimamia waokoaji na usalama kwenye bwawa la kuogelea la umma: mwongozo kwa wasimamizi wa Nyanda za Juu Kusini

Jumamosi moja ya likizo ya Desemba nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye bwawa moja la kuogelea hapa Mbeya. Foleni ya tiketi ilikuwa imefika barabarani na mkata tiketi amezidiwa, nami nikamwita mwokoaji wa upande wa kina kirefu aje asaidie kurudisha chenji kwa dakika tano tu. Ndani ya dakika hizo mtoto wa kama miaka minane alitambaa na ukingo kutoka kina kifupi, akapita pale sakafu inapoanza kuteremka, kisha mkono wake ukateleza. Aliyemwona ni mama mmoja aliyekuwa akimkausha mwanawe nywele: aliona kichwa kimelala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, mikono inasukuma maji chini kama ya mtu anayepanda ngazi, na hapakuwa na sauti yoyote. Mtoto alitolewa akiwa bado anapumua, akapelekwa hospitali, akapona. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyemwondoa mwokoaji kwenye kiti chake.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kwenye ratiba ya zamu ni kwamba mwokoaji aliye kwenye kiti hakati tiketi, hapangi viti, habebi kreti za soda na hafundishi kuogelea, hata kama bosi mwenyewe ndiye anayemtuma. Ukiwa na upungufu wa watu, punguza wanaoingia majini au funga upande wa kina kirefu. Usijaze pengo la getini kwa kuacha pengo kwenye maji.

Idadi ya waokoaji isipangwe kwa kukisia. Kanuni inayotumiwa katika nchi nyingi ni kwamba mwokoaji aweze kulipitia eneo lake lote kwa macho ndani ya sekunde 10, na kumfikia aliye mbali zaidi ndani ya sekunde 20. Keti wewe mwenyewe kwenye kila kiti na upime kwa saa, asubuhi na tena saa kumi jioni, maana jua linapoelekea kuzama maji hung'aa kiasi kwamba sakafu haionekani kabisa kutoka upande mmoja. Mimi hujaza maji dumu jeusi la lita tano, nikalizamisha kabla ya kufungua bila kumwambia mtu, kisha nikahesabu muda unaopita hadi mwokoaji alione. Asipoliona, kwanza angalia alipokaa kabla ya kumlaumu, kwani mara nyingi kiti ndicho kinachotakiwa kuhamishwa.

Macho huchoka kabla ya mwili. Badilisha waokoaji kila baada ya dakika 30, na anayepokea ayatazame maji kwanza hadi aseme kwa sauti kwamba eneo ni lake, ndipo mwenzake ashuke. Simu zibaki kwenye kabati. Nanyi wasimamizi mkumbuke kwamba waokoaji wengi ni vijana, na kijana aliyelelewa vizuri huona haya kumpigia filimbi mtu wa umri wa baba yake. Wafundishe maneno ya kutumia: "Shikamoo mzee, naomba utoke upande huu, kina chake ni kirefu." Mzee akikataa, au akiwa amelewa, kijana asibaki akibishana naye huku maji hayana anayeyatazama, aite msimamizi, na msimamizi asimame upande wa kijana mbele ya watu wote. Mwokoaji aliyefedheheshwa mara moja na bosi wake hatapiga filimbi mara ya pili.

Pale sakafu inapoanza kuteremka, tandaza kamba yenye maboya, na kina kiandikwe ukingoni kwa tarakimu kubwa za mita. Mtoto mdogo asiyejua kuogelea awe na mtu mzima ndani ya maji, karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Shule zinapoleta wanafunzi, mwalimu awahesabu wanapoingia, kila baada ya dakika 15 na wanapotoka, lakini uwepo wake haupunguzi mwokoaji hata mmoja. Pigeni marufuku mashindano ya kubana pumzi chini ya maji, kwa kuwa muogeleaji anaweza kuzimia bila dalili yoyote. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Mgeni aliyezoea kuogelea Dar es Salaam huishiwa pumzi mapema kuliko anavyotarajia.

Baridi nayo ina sheria zake. Mwezi Juni na Julai, bwawa lisilo na hita hubaki baridi hadi adhuhuri, na mtoto aliyeanza kutetemeka au kubadilika rangi ya midomo atolewe mara moja, akaushwe na avikwe nguo kavu. Ukungu ukishuka kutoka mlima Loleza kiasi kwamba mwokoaji haoni ng'ambo ya bwawa, watu watoke. Msimu wa mvua, radi ikisikika kila mtu atoke majini, na asirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Maji yapimwe kabla ya kufungua na kila baada ya saa mbili siku za watu wengi. Klorini iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, kwa sababu pH ikipanda klorini huwepo lakini haiui vijidudu ipasavyo. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha macho: kama huoni vizuri kifuniko cha tundu la kutolea maji kwenye sakafu ya kina kirefu, usifungue, na kifuniko hicho kikilegea au kuvunjika, funga siku hiyo hiyo kwani mvuto wa pampu unaweza kumnasa mtoto. Umeme ukikatika pampu husimama, maji hayachujwi, basi fuatilia vipimo kwa karibu zaidi. Dawa ya klorini na asidi zihifadhiwe mbalimbali, sehemu kavu inayopitisha hewa, kwa kuwa zikichanganyika hutoa gesi ya sumu; na siku zote dawa ndiyo imwagwe kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya dawa.

Mazoezi ya dharura yafanyike kila mwezi, kila mmoja akijua kazi yake: mmoja anaokoa, wa pili anawatoa wengine majini, wa tatu anapiga 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kutafuta gari la kwenda hospitali, wa nne anafungua geti. Boya la kuokolea na fimbo ndefu vining'inie mahali pa wazi, visifungiwe stoo. Mtu asiyepumua baada ya kuzama anahitaji hewa kwanza: waokoaji waliofunzwa humpulizia pumzi 5, kisha hukandamiza kifua mara 30 na kupulizia 2, kwa mwendo wa mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Hata akizinduka na kusema amepona, apelekwe hospitali, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidia saa chache baadaye.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, basi glovu, miwani na barakoa kwa anayeshika dawa si hisani. Katika daftari la zamu andikeni pia matukio yaliyokaribia kuwa ajali, na aliyeyaripoti asiadhibiwe, la sivyo daftari litabaki safi na bwawa litabaki hatari.

Jioni, mwokoaji wa mwisho asishuke kwenye kiti mpaka mtu wa mwisho atoke majini. Kisha msimamizi azunguke bwawa lote na tochi, amulike sakafu yote hadi kwenye kona, ndipo afunge geti kwa kufuli.