Kupima mafuta na sumu kwenye samaki: anza na chupa tupu

Sampuli ya kwanza ninayoiingiza kila asubuhi kwenye mashine yetu, kromatografia ya gesi inayotenganisha kemikali iliyoungwa na spektrometa ya masi inayozitambua kwa uzito, haina samaki ndani. Ni heksani tupu, kiyeyushi cha mafuta, iliyopitishwa kwenye kila chombo ambacho samaki atapita baadaye: bika, faneli, karatasi ya kuchujia, chupa ya kukaushia, sindano. Inaitwa blanki. Vijana wanaokuja kwetu Mwanza kwa mafunzo ya vitendo huona ninapoteza dakika 45 bure. Na mimi nilikuwa na mawazo hayohayo, mpaka dagaa wa Igombe waliponiaibisha.

Waliletwa na mnunuzi mmoja, nusu kilo. Nikatoa mafuta, nikaingiza, na katikati ya chati kikasimama kilele kirefu kama mlingoti. Spektra yake, yaani orodha ya uzito wa vipande (ioni) ambavyo molekuli huvunjikia, ilikuwa na ioni moja kubwa kuliko zote: 149. Hiyo ni namba ya ftaleti, kemikali za kulainishia plastiki. Nikaanza kuandika ripoti kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Mkubwa wangu akasoma mistari miwili, akauliza, "Blanki yako iko wapi?" Sikuwa nayo. Tulipoiendesha, kilele kilekile, urefu uleule. Kilitoka kwenye kampira laini nilikokuwa napitishia nitrojeni ya kukaushia. Kazi ya siku mbili ikaishia kwenye pipa la taka za kemikali, na dagaa wa watu hawakuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo vyombo ni vya kioo, chuma cha pua au teflon. Suuza kwa asetoni, kisha heksani. Mafuta ya kupaka mikononi, acha nyumbani.

Sasa samaki. Sangara hana mafuta sawa mwili mzima: mnofu wa mgongoni ni mkavu, tumbo limenona. Ukikata kipande kimoja unachokitaka wewe, umeshachagua jibu kabla ya kupima. Chukua vipande mbele, katikati na karibu na mkia, pamoja na tumbo, saga vyote hadi viwe uji mmoja, ndipo upime. Sato ni hivyohivyo. Dagaa saga wazima, maana ndivyo wanavyoliwa. Andika pia walivyokaushwa na muda waliokaa. Dagaa aliyelala siku tatu juani mchangani ana mafuta yaliyoanza kuchacha, na asidi za mafuta zenye viungo maradufu vingi kati ya kaboni, zile za omega-3, ndizo zinazotangulia kuharibika. Kama huwezi kupima leo, weka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, ndani ya foili, si mfuko wa nailoni.

Kutoa mafuta natumia njia ya Folch ya mwaka 1957, ya zamani lakini haijanitupa. Gramu 5 za samaki aliyesagwa, mililita 100 za mchanganyiko wa kloroformu na methanoli, mbili kwa moja. Tia chembe ya BHT kuzuia mafuta yasichache mkononi mwako. Tikisa, chuja, kisha ongeza mililita 20 za maji yenye chumvi kidogo, usitikise kwa hasira, na subiri. Utaona tabaka mbili: juu maji na methanoli, chini kloroformu iliyobeba mafuta, ya njano kama chai ya tangawizi iliyopoa. Chukua ya chini, ipitishe kwenye sodiamu salfeti kavu, ondoa kiyeyushi kwa nyuzi 40, pima uzito wa kinachobaki. Kazi hii ni ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kloroformu haina utani na ini lako.

Mafuta hayo huwezi kuyaingiza kwenye kromatografia ya gesi yalivyo, ni mazito mno kugeuka mvuke. Inabidi kuyavunja na kuyageuza kuwa esta za methili. Weka miligramu 25 kwenye tyubu yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na standadi ya ndani, yaani kemikali ya kulinganishia, uliyoipima kwa uangalifu. Mimi natumia C23:0, asidi ya kaboni 23 isiyo na kiungo maradufu, kwa sababu samaki wetu hawana ya kuisumbua. Ongeza mililita 1.5 za sodiamu hidroksaidi ya nusu mola kwenye methanoli, chemsha nyuzi 100 kwa dakika 5, poza. Ongeza mililita 2 za boroni trifloraidi kwenye methanoli, rudisha kwenye joto dakika 30. Ikishuka hadi vuguvugu, tia mililita 1 ya aisoktani na 5 za maji ya chumvi iliyokolea, tikisa nusu dakika. Tabaka la juu ndilo lako. Boroni trifloraidi ikae kwenye friji, na ikizeeka itupe. Ikiwa kuukuu huzaa vilele vya uongo, na utakesha ukivitafutia majina.

Kwenye mashine: kolamu ya sianopropili ya mita 100, mikrolita 1 kwa mgawanyo wa 1 kwa 50 (sehemu ndogo tu ndiyo huingia kwenye kolamu), kichomeo, yaani mlango wa kuingizia sampuli, nyuzi 250. Oveni inaanza 140, inatulia dakika 5, inapanda nyuzi 4 kila dakika hadi 240, inatulia dakika 15. Ndizo zile dakika 45. Usiwashe filamenti, waya wa spektrometa unaotoa elektroni, kabla kiyeyushi hakijapita, la sivyo utaiunguza, na mpya haiuzwi duka la karibu.

Elektroni za spektrometa zina nishati ya elektroni-volti 70, na kila molekuli huvunjika kwa tabia yake. Esta za asidi zilizoshiba, kama ya C16:0, hutoa 74 na 87, na nyuma yake molekuli nzima kwenye 270. EPA na DHA, omega-3 za samaki, hazina subira hiyo: zinasambaratika, unaona 79 na 91, molekuli nzima huioni au ni kama kivuli. Hapa wengi huteleza. Programu itakuletea jina na alama ya kufanana asilimia 90, nawe utaamini. Lakini asidi mbili zenye idadi sawa ya kaboni na ya viungo maradufu, tofauti ni mahali viungo vilipokaa tu, spektra zao ni kama mapacha. Anayezitofautisha ni muda wa kutoka kwenye kolamu, ukilinganisha na standadi uliyoiendesha siku hiyohiyo. Jina la programu ni pendekezo tu.

Upande wa sumu ndiko macho ya watu yaliko, na huku ziwani kuna sababu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa Ziwa Viktoria, baada ya taarifa kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga viuatilifu majini. Nilikuwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni kwamba nyumbani sangara aligeuka chakula cha kila siku, na baba mdogo, aliyekuwa akiuza kiwandani, akawa anashinda kibarazani.

Kwa viuatilifu vya kundi la DDT, gramu 10 za samaki na mililita 10 za asetonitraili, tikisa, ongeza gramu 4 za magnesiamu salfeti na 1 ya chumvi, tikisa upesi maana hutoa joto, zungusha kwenye sentrifuji. Asetonitraili hubeba mafuta kidogo tu, na hayo kidogo yagandishe usiku kucha kwenye friza, asubuhi yamekaa chini. Safisha na unga wa PSA na C18, unaonasa mabaki ya mafuta. Kwenye spektrometa usipekue masi zote, chagua ioni chache: DDT 235 na 237, na DDE, zao la DDT iliyovunjika, 246 na 318. Uwiano wa ioni hizo usipolingana na wa standadi ndani ya asilimia 30, usiandike kwamba umeipata. Na kabla ya kazi, ingiza DDT peke yake. Ukiona DDE na DDD, zao lingine la kuvunjika, zinajitokeza, ujue mrija wa kioo wa kichomeo umechafuka na DDT inavunjikia humo. Badilisha mrija, usimlaumu mkulima.

Samaki wa moshi ana njia nyingine, na hii naipenda. Tunatafuta hidrokaboni za moshi, hasa benzo-a-pireni, ambayo Ulaya wameiwekea kikomo cha mikrogramu 2 kwa kilo ya samaki wa moshi. Mafuta ya samaki yanaifunika, basi unayapika yawe sabuni: potasiamu hidroksaidi (magadi makali) kwenye methanoli, joto, saa kadhaa. Mafuta yakishakuwa sabuni yanabaki majini. Hidrokaboni za moshi hazijui habari ya magadi, zinahamia kwenye heksani. Pitisha kwenye silika, kausha taratibu, funga foili kwenye chupa maana mwanga unaziharibu. Ila usijaribu kamwe kupima DDT kwa njia hii. Magadi huigeuza DDT kuwa DDE, nawe utaripoti kwamba sumu ni ya zamani, imeshachakaa, wakati umeichakaza mwenyewe jikoni kwako.

Benzo-a-pireni ina masi 252. Benzo-e-pireni 252. Benzo-b-floranthini 252. Perileni nayo 252. Spektrometa ikiona 252 haijui nani kaja. Kolamu lazima izitenganishe kwanza, na standadi ya benzo-a-pireni yenye hidrojeni nzito, masi 264, itoke ubavuni mwake kukuonyesha mahali. Vilele viwili vikigusana mabega, punguza kasi ya joto. Usichore kwa mkono mstari wa kuvigawa kwa kukisia.

Kila kundi la sampuli liwe na samaki safi mmoja uliyemtia kiasi cha sumu unachokijua. Kikirudi kati ya asilimia 70 na 120, endelea. Standadi pia zichanganye ndani ya kiyeyushi kilichokwisha kutoa samaki safi, si kwenye kiyeyushi kitupu, kwa kuwa mabaki ya samaki hukuza vilele. Umeme ukikatika, na utakatika, usikimbilie kupima ukirudi: subiri ombwe litulie, angalia 18 (maji), 28 (nitrojeni) na 32 (oksijeni). 28 na 32 zikipanda pamoja, hewa inaingia mahali.

Mama mmoja wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba alileta sangara wake wa moshi, na siku ya majibu nilimpelekea mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samaki wangu wamesemaje?"

Nikamweleza kwamba wamezidi, na kwamba mafuta yanayodondokea kwenye kaa ndiyo yanayorudi juu na moshi. Akaangalia pipa lake muda mrefu. Akasema bati la kukinga matone analo, liko nyumbani limefunika kuku. Wiki iliyofuata akaja na wawili wengine, wa rangi ya dhahabu, amewaviringisha vizuri kabisa kwenye gazeti la jana.

"Mama," nikamwambia, "wino."

Akaguna, akaenda kutafuta foili.