Somo: Kutaja wakati katika Kiklingoni

Ndugu wanafunzi wenzangu wa Mwanza, wengi wenu mnatafuta katika Kiklingoni, lugha ya kubuniwa ya filamu za Star Trek, kiambishi kinacholingana na -li- au -ta-. Hamtakipata, kwa sababu Marc Okrand, mwanaisimu wa Marekani aliyechapisha kamusi ya lugha hii mwaka 1985, hakuiwekea njeo. Kitenzi huonyesha hali ya tendo, na siku husemwa kwa neno lake.

Hatua ya kwanza ni kutanguliza neno la wakati mwanzoni mwa sentensi: DaHjaj ni leo, wa'Hu' ni jana, wa'leS ni kesho. Ukibadilisha namba wa', yaani moja, unapata cha'leS, kesho kutwa, kisha wejleS, mtondo, na loSleS, mtondogoo. Andikeni herufi kubwa na ndogo kama zilivyo, maana q na Q ni sauti mbili tofauti.

Hatua ya pili, kiacheni kitenzi kama kilivyo iwapo tendo halijakamilika wala haliendelei. Sentensi wa'leS ngeng vIlegh ni "kesho nitaliona ziwa". Ukiweka DaHjaj, vIlegh haibadiliki.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito. Kiambishi -pu' huonyesha kwamba tendo limekamilika, wakati wowote ule: wa'Hu' ghotI' vISoppu' ni "jana nilikula samaki", na wa'leS ghotI' vISoppu' ni "kesho nitakuwa nimekula samaki". Tendo lililokamilika kwa kukusudiwa huchukua -ta'. Linaloendelea huchukua -taH, lakini likiwa na mwisho unaojulikana huchukua -lI'. Ukiwa gatini unakitazama kivuko cha Kamanga kinakuja kutia nanga, sema chollI' Duj, "chombo kinakaribia". Kama ni chombo usichojua kinaelekea wapi, sema choltaH Duj. Tofauti hii naipenda kuliko zote, nanyi ifanyieni mazoezi kwa vyombo mnavyoviona kila siku.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Je, "jana nilikuwa na njaa" nayo inahitaji -pu'?

Marahaba. Haihitaji, kwa kuwa njaa hapo ni hali, si tendo lililofikia mwisho: wa'Hu' jIghung.

Mwalimu, saa inaulizwaje?

Dada yangu, uliza 'arlogh Qoylu'pu', yaani "imesikika mara ngapi?" Jibu likiwa loSlogh Qoylu'pu', imesikika mara nne, wanaofasiri kwa Kiingereza huiita saa nne yao, ambayo ikiwa ni ya mchana, kwetu ni saa kumi jioni.

Na matendo mawili yakienda pamoja?

Kaka, tumia -vIS, ambayo haiji bila -taH mbele yake: jIyIttaHvIS ngeng vIlegh, "ninapotembea naliona ziwa".