Somo: Kupamba nyumba ya Second Life bila kuvuka L$1,000

Habari za jioni wakuu. Tangu niwakaribishe sebuleni kwangu Bellisseria, bara la nyumba za wanachama ndani ya Second Life (ulimwengu wa kidijitali wa mtandaoni), swali ni lile lile: umetumia kiasi gani? Sikufika L$1,000 (L$ ni Dola ya Linden, sarafu ya humo). Dola moja ya Marekani inabadilishwa kwa takribani L$250, kwa hiyo ni kama dola nne, ukiacha ada ya kununulia. Nyumba yenyewe inakuja na uanachama wa kulipia uitwao Premium, na Linden Lab, kampuni yenye Second Life, humpa mwanachama huyo L$300 kila wiki. Ukivumilia mwezi mmoja bila kununua nguo, umeshapata fedha za samani. Wasio na Premium msiondoke, swali lenu nimelijibu chini.

Hatua ya 1: Hesabu uzito kabla ya kuhesabu pesa

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Uzito hapa si kilo, ni sehemu ya uwezo wa kiwanja ambayo kila kitu hula. Kiwanja cha mita za mraba 1,024 kinabeba vitu vyenye jumla ya uzito wa 351, na kwa bahati nzuri nyumba ya Bellisseria haiingii kwenye hesabu hiyo. Uzito wa kila kitu huandikwa sokoni kwa herufi LI (Land Impact). Sofa ya meshi (umbo la 3D lililochongwa kwa programu ya nje) iliyotengenezwa na fundi makini inaweza kula 4. Sofa ya bure ya zamani, iliyounganishwa kwa primu (vipande vya msingi vya kujengea, kama visanduku) kabla meshi haijaingia mwaka 2011, inaweza kula 40. Bure hiyo ni ghali sana! Utaijaza nyumba kwa vitu vinane, kisha kikombe cha chai kikose pa kukaa.

Mimi niligawa hivi: sebule 120, chumba cha kulala 80, jikoni 60, barazani na bustanini 60, akiba 31. Akiba usiiguse mpaka mwisho. Utaihitaji siku utakapoweka vitu vya sikukuu.

Hatua ya 2: Mwanga, tena kabla ya kiti cha kwanza

Naisisitiza hatua hii kwa sababu haina gharama yoyote na ndiyo iliyobadilisha nyumba yangu kuliko zote. Bonyeza Ctrl na B, tengeneza primu moja ndogo, nenda sehemu ya Features, weka alama kwenye Light. Chagua rangi ya chungwa iliyopauka, kama ya taa ya chemli, si nyeupe. Punguza ukali wake. Umbali wa mwanga unaweza kufika mita 20, lakini kwa sebule mita 4 au 5 zinatosha; ukizidisha, mwanga unapenya ukuta na kumulika kwa jirani. Ifanye primu isionekane kabisa, kisha ifiche nyuma ya kabati au chini ya dari. Tatu za namna hiyo zinakula uzito wa 3 tu, na kona iliyokuwa baridi inaanza kuita watu.

Hatua ya 3: Nunua vichache, vyenye ruhusa ya Copy

Kwenye Second Life Marketplace, soko lao la mtandaoni, panga bidhaa kuanzia bei ya chini, halafu soma ruhusa kabla ya kutazama picha. Kitu chenye Copy unakinunua mara moja na kukiweka mara upendavyo: kiti kimoja cha L$50 kinakuwa viti sita vya kulia chakula. Fuatilia pia mauzo ya Ijumaa yaitwayo Fifty Linden Fridays, ambapo maduka mazuri huweka kitu kimoja kimoja kwa L$50. Nilinunua sofa, kitanda, kabati la vyombo, meza na mimea miwili. Basi.

Hatua ya 4: Vya ukutani na sakafuni tengeneza mwenyewe

Kupandisha picha ya pikseli 1024 kwa 1024 au pungufu ni L$10. Nilichora kanga yangu mwenyewe kwenye simu: pindo, mji, na jina lake nikaandika *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Nikaibandika kwenye primu ya mita 1.5 kwa 1, unene wa sentimita moja, nikaitundika juu ya sofa. Uzito wake 1. Hakuna mgeni aliyeingia asiiulizie. Mkeka wa mlangoni niliupata kwa njia hiyo hiyo, kutoka kwenye picha ya mkeka wa nyumbani kwetu.

Kabla ya kulipa L$10, ijaribu picha kwa sehemu iitwayo Local kwenye dirisha la kuchagulia picha. Utaiona wewe peke yako, bila gharama, mpaka rangi zikae sawa.

Hatua ya 5: Simama mlangoni

Kamera hukaa nyuma na juu ya avata (mwili wako wa humo), ndiyo maana chumba kilichopimwa sawasawa huonekana kimebana. Acha njia pana kuliko unavyodhani.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, nina akaunti ya bure, sina kiwanja. Nifanyeje?
Jifunzie kwenye viwanja vya umma vya kujengea, mdogo wangu. Vitu hurudishwa baada ya saa kadhaa, kwa hiyo ukimaliza bonyeza Take ubaki navyo mkobani. Ukiwa tayari, kodi chumba kidogo cha angani kwa wiki, na uulize kwanza kinabeba uzito wa kiasi gani.

Mkuu, zulia langu lilikuwa LI 2. Nimelikuza lienee sebuleni, likaruka hadi 11. Nimeibiwa?
Hapana kaka, meshi huongezeka uzito kadiri unavyoikuza. Lirudishe udogo wake, au tumia primu bapa yenye picha ya zulia. Primu moja ya kawaida inabaki 1 hata ukiikuza.

Kuna boksi nimepewa lina samani mia mbili za bure. Nizitumie?
Tazama jina la mtengenezaji kwenye kila kitu. Kama ni kazi za duka linaloziuza na boksi limetoka kwa mtu mwingine kabisa, huenda zimenakiliwa kwa wizi. Mimi huziacha. Kuna mafundi wanaogawa kazi zao wenyewe kwa hiari, nao wanatutosha.

Nimeunganisha primu na kuchagua Convex Hull (umbo rahisi la kugongana na vitu) ili uzito upungue. Umepungua kweli, lakini sasa sipiti kwenye tao la mlango!
Convex Hull huziba uwazi wote wa primu yenye tundu, hata kama jicho linaona pako wazi. Lichague tao lile peke yake ndani ya muungano, weka None mahali pa Convex Hull, utapita. Ila None haikubaliki kwa primu mama, yaani ile ya mwisho kuchaguliwa unapounganisha, kwa hiyo tao lisiwe la mwisho.