Somo: Kufinyanga sanamu ndogo za udongo za Silla (Korea)

Habari zenu. Mliomba wanasesere wa udongo wa Kikorea. Leo nashika aina moja tu, tou, sanamu za ufalme wa Silla zilizofinyangwa karne ya 5 na ya 6 huko Gyeongju, kusini-mashariki mwa Korea. Nyingi ni ndogo, zinaenea kiganjani. Zilibandikwa kwenye mifuniko ya vyombo na shingo za mitungi iliyozikwa pamoja na wafu. Mtungi mmoja uliofukuliwa eneo la Gyerim-ro, hapohapo Gyeongju, mwaka 1973, wenye kimo cha sm 34, una mwanamke mjamzito anayepiga gayageum (ala ya nyuzi ya kulaza), wapenzi wawili, na nyoka aliyemng'ata chura. Chombo cha kaburini hicho, jamani!

1. Udongo. Udongo wa vyungu unatosha. Toa vijiwe na mizizi, kisha ukande vizuri kutoa hewa. Viringisha kipande chembamba ukizungushie kidole: kikikatika, ongeza maji kidogo; kikinata, kiache kipigwe na upepo.

2. Kiwiliwili. Viringisha kipande cha sm 6 hivi, ukibane karibu na juu upate shingo. Kichwa kitoke kwenye kipande hichohicho. Kichwa cha kubandika ndicho cha kwanza kung'oka.

3. Uso. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Bana katikati kwa kidole gumba na cha shahada, pua itajitokeza. Toboa macho mawili kwa ncha ya kijiti. Mdomo ni mkato mmoja. Basi, weka kijiti chini! Najua mkono utawasha kuongeza kope, nyusi, meno. Mafundi wa Silla walimaliza kazi kwa mkao: kichwa kikielekea juu na mdomo ukiwa wazi, mtu anaimba; kikiinama, ana msiba. Kama hupendi ulichopata, geuza shingo, uso uuache. Wala usilainishe kwa kidole chenye maji, alama za vidole ndizo uhai wake.

4. Mikono na ala. Kwaruza sehemu zote mbili zinazokutana, paka rojo la udongo, bonyeza. Unyevu uwe sawa pande zote, la sivyo kiungo kitaachia.

5. Kukausha. Kivulini, polepole, ukigeuzageuza. Iguse kwa shavu lako: ikiwa ya baridi, bado ina maji.

6. Kuchoma. Anza na moto mdogo kwa muda mrefu, kisha uongeze. Usiitoe kabla haijapoa yenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Sina joko, oveni ya jikoni inafaa?*
Marahaba. Kwa kumalizia kukausha, sawa, moto wa chini kabisa. Kuchoma, hapana: joto lake halitoshi kuivisha udongo, na sanamu ukiiloweka itarudi kuwa tope. Muombe mama anayechoma vyungu akuwekee kwenye rundo lake.

*Mkuu, yangu imetoka nyekundu. Za makumbusho mbona za kijivu?*
Chuma kilichomo kwenye udongo kikipata hewa motoni huwa chekundu. Wafinyanzi wa Silla walitumia majoko ya kufunikwa, joto likapita nyuzi 1,000, wakaibana hewa. Moto wa wazi haukupi hiyo. Ukitaka weusi, ifukie ikiwa bado ya moto kwenye pumba au maranda, moshi uinywee.

*Ilipasuka kwa kishindo, vipande vikaruka. Ni udongo mbaya?*
Mara nyingi ni maji. Ndani yalibaki, yakageuka mvuke, yakakosa pa kutokea. Rudi hatua ya 5, na ikiwa nene kuliko kidole gumba, toboa tundu kwa chini.

*Naweza kuziuza kama za Kikorea?*
Ziuze kama kazi ya mikono yako kwa mtindo wa Silla. Na usizipake matope zionekane za kale. Mnunuzi akigundua, hata zile nzuri hatazitaka.