Skrubu ya mfupa inayoyeyuka mwilini: kausha kwanza, mengine baadaye

Skrubu zetu ni za PLLA, plastiki ya asidi ya laktiki, ili mgonjwa asirudi tena kupasuliwa kutolewa chuma. Shida ni kwamba inapinda upesi: ukakamavu wake ni kama gigapaskali 3 tu, na mfupa mgumu wa nje unafika 10 hadi 20.

Kabla ya kuongeza chochote, kausha. Siku moja nilipima punje za plastiki hiyo, nikaenda kula, mfuko nikauacha wazi. Kwenye nyuzi 190 za Selsiasi plastiki isiyoharibika hutoka mashineni ikijivuta kama asali. Ile ilichuruzika kama uji wa mgonjwa, imegeuka rangi ya chai. Vijiti vya majaribio vilivyotoka humo nilivivunja kwa vidole. Unyevu kidogo ukikutana na joto hilo hukatakata minyororo ya molekuli, na si rahisi kuirudisha. Sasa punje zinalala kwenye tanuri la ombwe, nyuzi 80, hadi asubuhi. Unga wa kukakamaza plastiki nao hivyohivyo.

Unga wenyewe ni haidroksiapatiti, madini ya jamii ileile iliyomo mfupani. Anza na asilimia 20 ya uzito. Ukizidisha, kijiti kinakakamaa lakini kinakatika ghafla, hasa unga ukiwa na mabonge. Tazama kwa hadubini pale kilipokatika: ukiona chembe ziko uchi ndani ya vishimo safi, plastiki haikuzishika. Pakaza unga silani, kemikali ya kuunganisha madini na plastiki, ukaushe, urudie.

Ila ninachokiamini zaidi ni kuvuta. Pasha kijiti nyuzi 90 hivi, kivute polepole mpaka urefu wake uwe mara 4. Minyororo inalala upande mmoja kama ukili uliosukwa vizuri. Kikianza kuwa cheupe kama maziwa, acha, ndani kumeshaingia matundu. Wafini walishaonja faida kama hiyo kwa nyuzinyuzi za plastiki: mwaka 1984, Helsinki, walianza kufunga vifundo vya mguu kwa vijiti vya plastiki inayoyeyuka mwilini, vilivyoimarishwa kwa nyuzinyuzi.

Usijisifu kwa kipimo cha kijiti kikavu. Vizamishe vijiti kwenye maji ya chumvi ya fosfeti, pH (kipimo cha uasidi) 7.4, nyuzi 37, na kila wiki toa vitatu uvipinde vikiwa vimelowa, hadi wiki ya 12. pH ikishuka badilisha maji, maana asidi inayotoka kwenye kijiti itakila kijiti chenyewe.