Kuchagua tangi la maji moto litakalopokea jua, kuni na umeme

Mtu akinijia anataka tangi la maji moto la gesti au la nyumba yenye watu wengi, swali lake la kwanza huwa ni lita ngapi. Mimi, kama fundi bomba, naanzia kwingine: maji hayo utayapasha kwa kitu gani? Umeme una swichi, na jua huzama lenyewe. Kuni hazina swichi. Jiko likishawashwa alfajiri kwa ajili ya chai na maharage, joto lake linaendelea kuingia kwenye maji hata wageni wote wakiwa wamekwisha kuoga. Kwa hiyo kama kuni zimo kwenye hesabu yako, chagua tangi linalofaa kuni kwanza, mengine yafuate.

Tangi la kuni ni lazima liwe la wazi. Linapokea maji kutoka simtanki iliyo juu yake, na kichwani mwake linatoka bomba la kupumulia linalopanda mpaka juu ya simtanki na kupinda kuelekea ndani yake, bila koki wala valvu yoyote njiani. Maji yakichemka kupita kiasi, mvuke una pa kutokea. Tangi la presha, lililofungwa kote na kutegemea valvu ya usalama, usiliunganishe na jiko la kuni hata muuzaji akuapie. Valvu ikiziba, tangi linaweza kupasuka na kuua watu. Kazi ya namna hiyo siipokei, kwa bei yoyote.

Nyumba zetu za mlimani hapa Mwanza, kama za Isamilo, zina faida hapa. Jiko likiwa chini na tangi juu, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanarudi chini, hakuna pampu, na umeme wa TANESCO ukikatika mzunguko hausimami. Mabomba ya kipande hicho yawe ya chuma au shaba, ya inchi moja au zaidi, yanapanda moja kwa moja bila kushuka popote. PPR, yaani bomba la plastiki, ipeleke bafuni. Karibu na jiko italainika. Simtanki nayo ukiiweka juu ya mwamba unapata nguvu ya maji, maana kila mita 10 za mwinuko ni presha ya bar 1. Ila uliza kwanza tangi linahimili mita ngapi, na bomba la kupumulia nalo litabidi lipande mpaka huko.

Sasa tuingie ndani ya tangi, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Dukani omba kifuniko cha elementi, kile chuma cha kupashia maji kwa umeme, kifunguliwe, ingiza tochi utazame. Koili ni bomba lililozungushwa ndani ya tangi ili kuyapa maji joto. Koili ya jua inatakiwa iwe chini kabisa, kwa sababu maji ya baridi hukaa chini, na joto la sola siku ya mawingu ya masika ni dogo. Likikutana na maji ya baridi bado linafanya kazi. Koili ya kuni ikae juu ya hiyo. Elementi ya umeme iwe theluthi ya juu.

Kwa nini nasisitiza elementi iwe juu? Chukua tangi la lita 200 na maji ya nyuzi 24. Kuyafikisha nyuzi 60 yote kunakula uniti kama nane na nusu za LUKU, na elementi ya kilowati 3 itafanya kazi karibu saa tatu. Elementi ikiwa juu, inapasha zile lita 70 za juu tu: uniti tatu, saa moja, na wageni wachache wa usiku wanaoga. Ikiwa chini, ukiisahau usiku, asubuhi jua linakuta maji yamekwisha pata moto na sola haina cha kupasha. Kwa sababu hiyo hiyo nunua tangi refu la kusimama. Yale ya kulala tunayoyaona juu ya mapaa yanafaa sola peke yake. Maji ya moto na ya baridi huchanganyika upesi ndani yake.

Maji ya ziwa ni laini, hayaachi chokaa nyingi kwenye elementi. Ya kisima kirefu yanaweza kuwa na chumvi, hivyo kwa tangi la chuma hakikisha lina fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi, na uache nafasi juu ya tangi ili uweze kuichomoa. Foamu ya kuzuia joto isipungue milimita 50.

Tunza maji kwa nyuzi 60, maana yakikaa vuguvugu bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, wanaweza kuzaliana. Lakini nyuzi 60 zinamuunguza mtoto kwa sekunde chache, basi funga valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla ya maji kwenda bafuni. Msifanye ubahili hapo.

Lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi lenyewe, kwa hiyo sehemu ya kulikalisha iwe zege. Ukilipa, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti ukubwa wa kila koili kwa mita za mraba, mwinuko unaohimilika, na uzi wa elementi, yaani hesi zake za kuifungia kwenye tangi. Kisha pita maduka ya mjini uhakikishe elementi ya uzi huo inauzwa hapa Mwanza.