SOMO: Kulima Assyrtiko, zabibu ya Kigiriki, ukanda mkavu wa Arusha na Moshi

Wakuu, PM zimejaa swali lile lile: Assyrtiko inalimwaje huku kwetu? Najibu hapa, mara moja.

Assyrtiko ni zabibu nyeupe ya mvinyo kutoka kisiwa cha Santorini: udongo wa volkano, mvua kiduchu, upepo mkali. Joto likipanda bado inabaki na uchachu wake. Kwa hiyo ni ya Kisongo, Mbuguni, Kahe. Watu wa Marangu, bakini na kahawa.

1. Kibali cha kuingiza vipando: TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), makao yao makuu yako hapa hapa Arusha. Vipando vya kufichwa kwenye begi vinaleta virusi.

2. Pima maji ya kisima. Yakiwa na chumvi nyingi, kingo za majani zitaungua.

3. Shimo, samadi iliyooza, mche, maji.

4. Nguzo na waya.

5. Kupogoa. Huku hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo kisu ndicho kinachofanya kazi hiyo. Punguza maji wiki kadhaa kabla, majani yaanze kunyauka, ndipo ukate mwishoni mwa Mei, masika yakiisha, ukiacha macho mawili (vifundo vya kuchipua) kila tawi. USIKATE udongo ukiwa umelowa: kidonda kitachuruzika maji, macho ya nchani yatachipua peke yake, ya chini yatalala. USIKATE Agosti: zabibu huiva takriban miezi 4 baadaye, vuli itazikuta kwenye shada na kuzipasua.

MASWALI

— Mkuu, nikipogoa Agosti je?
Hatua ya 5.

— Mbona Dodoma wanavuna mara mbili?
Dodoma wana msimu mmoja wa mvua. Sisi tuna masika na vuli. Shamba lako liko Dodoma? Vuna mara mbili.

— Shikamoo kaka. Eti Santorini wanausuka mzabibu kama kikapu?
Marahaba dada, swali zuri. Ni kweli, unaitwa kouloura. Matawi yanazungushwa chini, karibu na ardhi, zabibu zinakaa ndani, upepo na jua havizifikii. Huku masika yataleta ubwiri unga na ukungu humo ndani, hewa haipiti. Jaribu mche mmoja, Kisongo penye upepo. Tena Santorini mizabibu inasimama kwa mizizi yake yenyewe, haiunganishwi kwenye shina la aina nyingine: mchanga wao hauna mfinyanzi, filoksera (kidudu cha mizizi ya mzabibu) haishiki.

— Matawi yaliyokatwa mnatupa?
Majani wape mbuzi, kama hukupuliza dawa.

— Vijiti vikikauka vichomee nyama. Moto wake mkali, moshi kidogo.
Hapo umenena. Jumamosi nakuja na mbuzi.